Wageni Kumi na Watatu

Nilipokuwa mtoto kule Kalunguta, kulikuwa na mnyama mmoja aliyekula shamba letu, na sisi wenye shamba tulikatazwa kumtaja. Leo ninaandika nguruwe, nguruwe, nguruwe mara tatu na mkono hautetemeki. Wakati ule ningelitamka neno hilo karibu na mihogo, Mukaka angenifinya sikio mpaka machozi yatoke.

Mukaka ndivyo sisi Wanande tunavyomwita nyanya. Wangu alikuwa mfupi, mkali, mwenye rozari shingoni na ugoro puani, na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari na mambo ya porini. Alisema shamba lina masikio. Ukimtaja mnyama kwa jina lake huku unampangia, atasikia naye ajipange kabla yako. Kwa hiyo tuliwaita bageni. Watu walipokutana asubuhi njiani kwenda kuchota maji, kabla hata ya kuulizana hali, mmoja aliuliza, "Bageni balipita?" Mwingine akajibu, "Balipita. Balikula mistari mbili." Mgeni wa kweli angedhani sisi ni watu wakarimu sana.

Wageni hao tuliwatengeneza wenyewe. Vita vilipofika upande wetu mara ya kwanza maishani mwangu tulikimbilia Butembo, na kabla ya kuondoka kila nyumba ilifungua zizi lake, maana kumwacha mnyama afe njaa ndani ya uzio ni dhambi. Mbuzi waliliwa na waliopita. Kuku vilevile. Nguruwe waliingia msituni, wakazaana, wakaota manyoya marefu mgongoni, na miezi mingi baadaye tuliporudi tukakuta wanalijua shamba kuliko sisi. Katika wale waliofunguliwa alikuwamo mmoja wangu. Baba alimleta kutoka Kasindi akiwa mdogo, ndani ya kikapu, akanipa kwa sababu nilikuwa nimeugua surua. Nikamwita Bizu. Alinifuata mpaka mlango wa kanisa, akafukuzwa na katekista, akanisubiri nje misa nzima.

Waliorudi kwanza tulikuwa watatu: Mukaka, baba mdogo wangu Kambale, na mimi. Baba alikuwa Kasindi akihangaika na magunia ya chumvi, na mama alibaki Butembo kumuuguza mdogo wangu. Katika ardhi tulikuta kitu kimoja tu cha maana, mihogo ya Mukaka iliyopandwa kabla ya kukimbia. Maharage tuliyopanda tuliporudi hayakuwa hata na majani mawili. Mpaka yakomae, mihogo ile ndiyo ilikuwa chakula chetu, na cha nyumba nyingine tano zilizokuwa zikija kumwomba Mukaka kikapu. Wageni wakiimaliza, tungerudi Butembo kuombaomba. Hata mimi niliyekuwa na miaka tisa nililijua hilo, kwa sababu Mukaka alinihesabisha mashina kila jioni.

Baba Kambale alijaribu kila alichokijua. Alipiga makopo, wageni wakala wakisikiliza. Alichoma pilipili kavu pembeni mwa shamba, tukakohoa sisi. Alichimba shimo refu akalifunika majani, likamnasa yeye mwenyewe alipokwenda kulikagua akitoka kunywa kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi. Alitega kamba ikashika mtoto mmoja wa wageni hao, na tangu siku hiyo kundi zima likaacha njia ile kama lililoandikiwa barua. Mwishowe askari mmoja aliyekuwa akipita akampiga risasi dume mmoja. Tulishangilia. Wiki iliyofuata wageni wakabadili saa, wakawa wanakuja magharibi badala ya usiku wa manane, na kwa mlango mwingine.

"Munabafundisha," Mukaka akamwambia Kambale. "Ukishika mumoja, bale bengine banaenda kusoma. Sasa beko ku secondaire. Weye uliachia wapi?"

"Basi tuweke dawa," akasema Kambale, akimaanisha sumu.

"Na batoto benye kuchimba mihogo na mikono? Utabawekea dawa nao? Hapana. Tutabaalika."

Kuwaalika ndiyo ilikuwa njia ya wazee wake. Vijana walikata miti ya mikaratusi, wakaisimika kwa duara kwenye kona ya shamba, imara, wakaacha mlango mmoja wazi. Juu ya mlango wakaning'iniza lango zito la magogo kwa kamba, na kamba ikapita juu ya panda la mti mpaka ng'ambo ya duara, kwenye kibanda cha matete ambako mtu mmoja angekaa na panga. Ukikata kamba, lango linashuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuikata kwa muda mrefu. Kila jioni tulimwaga ndani mihogo iliyooza na makapi ya kasikisi, tukawaacha wale washibe na waondoke kwa amani. Kambale alikaribia kulia. Kulisha adui kwa mkono wako, tena kwa chakula unachokihesabu, ni kazi ngumu kuliko kuchimba shimo.

Sharti la Mukaka lilikuwa hilohilo moja: kamba haikatwi mpaka waingie wote. Na neno lile halisemwi, si karibu na duara tu, bali popote, mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa macho yake. Mchana tulitandaza majivu mlangoni, na asubuhi niliinama kusoma nyayo. Siku za kwanza ziliingia nyayo za watoto peke yake. Kisha za majike. Niliona raha ya ajabu katika kazi ile. Niliruka kitandani kabla ya jogoo, nikakimbia na umande mpaka magotini, nikarudi kwa Mukaka nikitweta, "Leo tisa. Leo kumi na moja." Sijawahi tena kufurahia hesabu kiasi hicho, na mwalimu wangu angeapa kwa hilo.

Asubuhi moja nikaona wayo uliosimama ukingoni mwa majivu na usiingie. Ulikuwa mkubwa kuliko zote, wa mguu wa mbele, kwato la upande mmoja fupi, limemeguka. Bizu alikuwa amemeguka kwato hilo kwenye jiwe la kusagia la mama, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Sikusema. Lakini Mukaka, aliyekuwa haoni nyayo, aliniona mimi.

"Iko weye unamujua?" akauliza.

"Ni Bi..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonuka ugoro. "Hapana kuita. Nyama yenye iliingia pori haina jina tena. Ukimwita, atakuya, na ataanza kuwa wako mpaka mwisho. Unasikia? Mpaka mwisho." Nilitikisa kichwa. Nilidhani ananitisha kama watoto wanavyotishwa.

Siku tatu zikapita, kumi na wawili wakiingia na Bizu akibaki mlangoni akilinda, na makapi yakatuishia. Ikabidi iwe siku ya nne. Alasiri ile Mukaka na Kambale wakakaa nyuma ya nyumba kupanga, nami nikiwa nao.

"Jana kumi na mbili beko ndani," akasema Mukaka. "Mukubwa wabo anabakia ku mulango, anachunga."

"Leo mangaribi tunamaliza," akasema Kambale. "Bijana batajificha mu matete, batatokea nyuma yake na mikuki, bamusukume ndani. Donc hakuna hata mumoja atatoka."

"Na kimya. Bageni basijue."

Hatukujua kwamba upande wa pili wa ukuta wa udongo alikuwapo Mwalimu Ilunga akinyoa ndevu. Mwalimu Ilunga alikuwa mtu wa Katanga, aliyeletwa na serikali kufundisha kwetu kabla ya vita, na vita vikamkatia njia ya kurudi. Mshahara wake haukufika tena. Alipanga chumba kwa jirani, na mkewe, Mama Béa, alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa mtu mwema na mwenye kufuata sheria, aliyetusahihisha Kiswahili chetu mpaka tukaogopa kusalimia. Ila mambo ya shambani hakuna aliyemweleza. Yeye hakuwa na shamba, na nani angemweleza bila kulitaja neno?

Sasa msomaji ajiweke nyuma ya ukuta ule, wakati ule, na wembe mkononi. Kumi na wawili wako ndani, mkubwa wao analinda mlango, na leo magharibi watu watatokea na mikuki, asitoke hata mmoja. Kila mtu wa upande wetu alijua "bageni" katika vinywa vya watu wa vita ni akina nani, wale wenye bunduki. Mwalimu akaamini kwamba wapiganaji kumi na watatu wamejificha kwa jirani yake na kwamba damu inamwagika jioni hiyo.

Mimi na Mukaka tulikwisha kuingia kibandani jua lilipoanza kushuka. Vijana walikuwa bado kijijini wakinoa. Mukaka ameshika panga, mimi nimeshika pindo la kitenge chake, na mbele yetu duara na mihogo yake inayonuka. Ndipo tukasikia rimu.

Shuleni kwetu kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwa waya. Asubuhi ilikuwa ya masomo. Ikipigwa saa nyingine yoyote, maana yake ilikuwa moja: kimbieni. Mwalimu aliipiga kama mtu anayevunja mlango. Tukasikia kijiji kikiinuka. Sufuria ziligongana, watoto wakaitwa, milango ikafungwa, kisha vishindo vya miguu vikielekea bondeni. Nilikuja kujua baadaye kwamba Kambale mwenyewe, aliyejua vizuri bageni ni akina nani, alitupa mkuki akabeba godoro. Rimu ikilia hakuna anayeuliza nani kapiga.

Nikasimama. Miguu yangu ilikwisha kuanza safari. Mukaka akanivuta chini kwa gauni.

"Kaa."

"Mukaka, banakuya."

"Nilishakimbia mara tatu," akasema. "Mara zote nilikimbia na tumbo yenye kujaa. Leo nikimbie na nini? Hii mihogo ikiisha, mi nitakufa Butembo ku mulango ya batu. Bora hapa." Kisha akanisogezea mdomo sikioni. "Sikiliza mule pori. Kama batu ya bunduki beko karibu, bageni betu hawatakuya. Bale bananusa risasi mbele ya siye. Wakikuya, ujue hakuna vita."

Hivyo tukakaa kuwasubiri nguruwe watuambie kama tutakufa. Sijawahi kumsubiri mtu yeyote hivyo, hata mume wangu alipokuja kunichumbia. Bondeni kelele zilififia. Upepo ukalala. Nilihesabu punje za rozari shingoni mwake kwa kidole, na nilipofika ya ishirini na kitu matete yakacheza.

Wakatoka. Watoto mbele, wakisukumana, wachafu, wenye furaha. Nilitaka kucheka kwa sauti. Hakuna vita. Mukaka alinibana mkono mpaka nikahisi kucha, na nilijua naye anacheka. Wakaingia mmoja mmoja, nami nikimhesabia kwa kumgusa gotini, kwa sababu macho yake hayakufika huko. Tisa. Kumi. Kumi na mbili.

Bizu akasimama mlangoni.

Alikuwa mkubwa mno, mweusi wa matope, sikio moja limepasuka. Alinusa lango juu. Akanusa kamba. Hapo ndipo vijana walipotakiwa kutokea nyuma yake, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Mukaka akainua panga na kulishusha tena. Bila yule hakuna kazi. Angebaki nje, angefundisha kundi jingine, na mwaka ujao lisingekuwapo duara la kuwadanganya. Bizu akaguna, mguno mfupi. Ndani ya duara vichwa vyote kumi na viwili vikainuka. Akageuka.

Jamani, sikufikiri. Ningependa kusema nilipima, nilitafakari mihogo na nyumba zile tano. Niliona tu anaondoka, na niliona mgongo wa Mukaka ukilegea kama wa mtu aliyeambiwa habari mbaya, na mdomo wangu ukafunguka.

"Bizu," nikasema. Kisha kwa ile sauti ya kumwita kula, "Bizu, Bizu, kuya."

Sikio lililopasuka likageuka kwanza. Kisha yeye mzima. Akaingia mlangoni bila kuutazama, akapita katikati ya wenzake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye miti iliyokuwa mbele ya kibanda chetu, na kupitia mwanya akanyoosha pua. Ilikuwa na unyevu, kama zamani. Mukaka akakata kamba.

Kilichofuata sitakieleza vizuri, maana nilikuwa nikipiga kelele. Lango likashuka kwa kishindo, na nguruwe kumi na watatu wakagundua kwa pamoja. Walilivamia lango mpaka magogo yakalia. Mukaka, mwanamke niliyemsaidia kuinuka kila asubuhi, akatoka kibandani mbio, akaanza kuburura miti ya akiba kulikaza lango, nami nikiburura naye, sote tukilia na kucheka, yeye akiwatukana wageni kwa jina lao halisi kwa sauti kubwa, miezi yote ile ya kujizuia ikimtoka mdomoni.

Mayowe ya nguruwe hufika mbali. Bondeni, walikojificha watu kwenye mtama wa zamani, Kambale alikuwa wa kwanza kuelewa. Alitokea na godoro lake bado kichwani, na nyuma yake kijiji kizima, na nyuma kabisa Mwalimu Ilunga, povu la sabuni limekauka shavu moja, amemshika mkewe mkono.

"Mama," akamwuliza Mukaka, "bale bageni beko wapi?"

Mukaka akajipangusa jasho. "Beko hapa, Mwalimu. Sogea ubasalimie."

Alitazama ndani ya duara. "Mais, Mama," akasema kwa huzuni ya kweli, "si mungesema tu ngulube?"

Watu wote, kwa mazoea, wakamnyamazisha. Shhh. Halafu kicheko kikaanza, na Mama Béa alicheka kuliko wote, ameshika tumbo, mpaka wanawake wakamkalisha chini wakihofu atajifungua pale pale. Mwalimu mwenyewe akacheka mwishowe, ingawa kuanzia siku hiyo hakunisahihisha tena Kiswahili.

Kesho yake asubuhi walianza na Bizu, kwa sababu kiongozi huondolewa kwanza, wengine watulie. Sikwenda kuangalia. Nilikaa nyuma ya nyumba nikiwa nimeziba masikio, na nilipoziba niliendelea kusikia. Kisha Mukaka akanijia na kipande cha ini kilichochomwa, juu ya jani la mgomba.

"Kula."

"Sitaki."

"Hakuna mutu atakula mbele yako, weye ndio wa kwanza. Weye ulimwita."

Nilichungulia. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kuzunguka moto. Nyama imeiva, mafuta yanadondoka, watoto wameshika majani yao tayari, na hakuna aliyegusa. Mama Béa alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akitazama chini kwa adabu. Ilikuwa miezi mingi watu wale hawajashiba nyama.

Mwalimu akaja akachuchumaa. "Mama, uyu ni mutoto. Mi naweza kula mbele yake, kama ni shida."

"Hapana, Mwalimu. Ule mugeni hakukuya juu yako."

"Alikuya juu ya nini?" nikauliza. Nilikuwa nalia waziwazi. Nilitaka aseme kwamba alikuja kwa sababu ya mihogo, au makapi, au kwamba Mungu alimleta.

"Alikuya juu ya sauti yako," akasema Mukaka. Hakusema kwa ukali. Aliketi kando yangu, chini, jani likiwa pajani mwake, na akasubiri kama mtu asiye na kazi nyingine siku ile.

Nikala. Lilikuwa ini tamu, lenye chumvi kidogo, na nilikuwa na njaa. Nilimeza lile, nikaomba lingine, na nyuma yangu nikasikia watu wakianza kutafuna.

Mihogo ilitufikisha kwenye maharage. Mama alirudi na mdogo wangu, na Mama Béa akajifungua mtoto wa kike mwezi uliofuata. Leo kazi yangu ni kuzunguka kwa wakulima, mpaka Mbau huko, nikiwashauri juu ya wanyama waharibifu, nao nguruwe wa porini bado wapo, kwa sababu bado watu wanakimbia na kufungua mazizi. Ninawaambia maneno ya Mukaka karibu yote. Msiwaguse mpaka wazoee. Msishike mmoja, shikeni wote. Sumu hapana. Kwa haya nina maelezo ya kitaalamu, na hata lile la kutotaja jina nimekwisha kujipatia maelezo yake, kwamba watu wanaokatazwa kusema hukaa kimya, na ukimya ndio unaofaa pembeni mwa mtego.

Kwa lile ini sina maelezo ya kitaalamu. Kwa miaka mingi nilimwona Mukaka katili. Kisha nikakua katika nchi hii, nikawasikia watu wengi wakieleza yaliyotokea miaka ile, nani alifichuliwa, nani aliitwa atoke alikojificha akatoka kwa sababu aliijua sauti. Kila ninapouliza nani aliita, jibu ni kwamba aliita mwingine. Nadhani Mukaka, aliyekwisha kukimbia mara tatu, aliwajua watu hao kabla yangu, na hakutaka kulea mmoja wao.

Mimi nilimwita Bizu. Alikuja, na nilimla.